Simu Iliita Bila Kupokelewa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwandishi wa habari hapa Tanga, mwaka wa saba sasa katika gazeti la kila siku. Kwa miaka mitatu niliripoti mgogoro wa ardhi kwenye shamba moja la mkonge, ambako familia za waliokuwa manamba, yaani vibarua wa mkataba, zilitakiwa kuhama nyumba za kambi walimozaliwa. Nimeandika riwaya ya kurasa 140 juu ya mgogoro huo. Mchapishaji ameirudisha na maneno matatu tu juu yake: "Hii bado habari." Nimeumia, maana kila kilichomo ni kweli. Nina madaftari, nina sauti nilizorekodi. Nimekosea wapi? Na je, nikibadilisha majina inatosha? Nimekuambatanishia sura mbili za mwanzo.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nimezisoma sura zote mbili, ya pili nimeirudia. Mchapishaji amesema kweli, ila amekunyima maelezo, na mtu aliyetoa jasho la kurasa 140 anastahili maelezo. Mimi nami nilianzia chumba cha habari, nikiandika za mahakamani na polisi, kabla ya kuhamia uhariri wa vitabu. Makosa yako nayajua kwa sababu yamepita mkononi mwangu.

Fungua ukurasa wa 23. Watu wa kambini wamerudi kutoka kwa mkuu wa wilaya, wamechoka, wamekaa chini ya mwembe. Hapo unaandika: "Meneja wa shamba alipopigiwa simu ili kuzungumzia madai hayo, simu yake iliita bila kupokelewa." Aya inaishia hapo, unarudi mwembeni.

Sentensi hiyo nimekaa nayo muda mrefu. Gazetini ni sentensi ya lazima na ya uungwana. Inamwambia msomaji kwamba ulimtafuta upande wa pili, ukamkosa, na huthubutu kumsemea. Mwandishi wa habari hana ruhusa ya kuvuka pale simu inapoita. Lakini meneja huyu wa riwayani umemuumba wewe. Simu inaita mezani kwake sasa hivi. Je, anaitazama? Ameifunika kwa faili? Mkewe kamuuliza ni nani, naye kajibu kuwa ni namba asiyoijua, hali anaijua? Mtu huyu hana mahali pengine pa kuishi ila ndani ya karatasi zako, nawe umemwacha nje ya mlango ukatangaza kwamba hapatikani.

Hapo ndipo tofauti ya kazi hizi mbili ilipo, na nakuomba uishike hiyo kabla ya nyingine zote. Sentensi ya habari imeegemea kitu kilichoko nje ya gazeti: mtu aliyesema, hati ya mahakama, daftari lako, kaburi lililochimbwa. Msomaji akitia shaka, anaweza kwenda kuuliza. Sentensi ya riwaya haina pa kuegemea ila sentensi zilizo jirani yake. Uliponiandikia kwamba una madaftari na sauti ulizorekodi, ulikuwa unajitetea kama mtu aliyeitwa na mhariri wake. Msomaji wa riwaya hatakuomba daftari. Atataka aamini akiwa amekaa kwake kitandani, asimjue mtu yeyote wa shamba lile, na asiwe na haja ya kumjua.

Nikusimulie jambo ambalo bado linaniuma. Nikiwa kijana niliripoti hukumu ya kesi ya mauaji. Mama wa marehemu alikuwa amekaa benchi la mbele. Niliandika kwamba machozi yalimbubujika hukumu ilipokuwa ikisomwa. Sikuyaona machozi hayo. Nilikuwa nyuma, nimebanwa na watu, dedilaini imekaribia, nikaona mama katika hali kama ile lazima atalia. Siku mbili baadaye akaja ofisini na gazeti limekunjwa kwenye pochi. Hakufoka. Alisema, "Mwanangu, mimi sikulia. Niliapa nisilie mbele ya yule kijana. Sasa umemwambia dunia nzima kwamba nililia." Nilimwomba radhi, tukachapa masahihisho, lakini nilikuwa nimemnyang'anya kitu ambacho masahihisho hayarudishi.

Miaka mingi baadaye niliandika hadithi yenye mama aliyefiwa, akiwa mahakamani. Sikumchukua yule mama, ila nilichukua fundisho lake: huyu wangu halii. Anaikunja ncha ya khanga, anaikunjua, anaikunja tena, mpaka hakimu anamaliza. Hapo nilikuwa nabuni na sikumdhulumu mtu. Gazetini tone moja la chozi la kubuni lilikuwa uongo. Hadithini khanga nzima ya kubuni ilikuwa halali, kwa sharti moja tu, kwamba mama yule niliyemuumba asingeweza kufanya vingine.

Sasa tuingie kwenye lugha, maana ndipo mkono wako wa gazeti unapoonekana zaidi. Sura yako ya kwanza inaanza hivi: "Mkazi wa kambi namba tatu, mzee wa miaka 71, amefariki dunia baada ya kuangukiwa na ukuta wa nyumba iliyokuwa ikibomolewa kupisha upandaji wa mkonge, imeelezwa." Ni aya safi ya kufungulia habari. Nani, nini, wapi, kwa nini, vyote vimo. Ningekuwa mhariri wako wa habari ningeipitisha bila kuigusa. Lakini tazama "amefariki" inafanya nini. Kiambishi -me- kinaleta jambo likiwa limekwisha, na matokeo yake yako mezani. Msomaji hana cha kungojea. Habari inapaswa kuwa hivyo, kwa sababu inaweka zito juu na jepesi chini, ili anayesoma kwenye daladala akishuka kituo cha kwanza awe amepata kiini, na mhariri akikosa nafasi akate kuanzia mkiani.

Hadithi hubebwa na -ka-. Nimelichukua tukio lako nikaliandika upya, ili uone tu:

"Tingatinga lilipofika, mzee alikuwa anatoa mbuzi bandani. Akamtoa wa kwanza. Akamtoa wa pili. Dereva akazima injini, akashuka, akaomba maji ya kunywa. Mzee akamtazama. Akaingia ndani, akatoka na kikombe kilekile anachonywea yeye, akampa kwa mikono miwili."

Kila -ka- inaidai nyingine. Hujui bado kwamba mtu atakufa, lakini tayari unaogopa, na unamwogopea hata dereva. Hilo la dereva kuomba maji nimelibuni mimi, halimo katika madaftari yako. Nimelibuni kwa sababu nilitaka watu hawa wawili wapeane kitu kabla mmoja hajabomoa nyumba ya mwenzake. Usiibebeshe -ka- kila kitu, hata hivyo. Akaenda, akamkuta, akamwambia, akaondoka: hiyo inakuwa ngano ya kulalia watoto. Ivunje kwa -ki- pale jambo linapoendelea, kwa "alikuwa ana-" unapotaka tutulie tuangalie, na kwa watu kusema.

Halafu lile neno "imeelezwa". Katika sura mbili nimelihesabu mara kumi na moja, pamoja na "inadaiwa" mara tisa. Gazetini maneno hayo ni ngao. Yanakulinda wewe, yanamlinda mtuhumiwa, na yanasema wazi kwamba hukushuhudia. Riwayani yanaacha shimo. Imeelezwa na nani, kwa sauti gani, akiwa amesimama wapi? Kama jambo limefika kambini kwa uvumi, tuonyeshe uvumi ukitembea: mwanamke kalisikia kisimani, kalifikisha kwa shemeji yake likiwa limeongezeka kidogo, shemeji kalifikisha kilabuni likiwa limevimba. Hapo "inadaiwa" imepata miguu.

Umri kwenye mabano nao uuondoe. Kila anayeingia unamfuatilizia (52), (34), (19). Mimi sikumbuki hata mmoja. Ninayemkumbuka ni yule binti wa ukurasa wa 31, anayenusa mikono yake kuona kama harufu ya korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, imetoka baada ya kuosha. Huyo hukumwekea umri, na ndiye pekee ninayejua umri wake.

Na watu wako wanaongea kama wanahutubia. Mume na mke wako chumbani usiku, mume "anabainisha", mke "anafafanua", mume "anasisitiza". Hayo ni maneno ya mkutano na waandishi wa habari. Tena kila mmoja anaulizwa na anajibu swali lilelile aliloulizwa, kwa sentensi iliyonyooka, kwa sababu gazetini tunanyoosha kauli za watu na kubakiza zilizokamilika. Watu wakiwa na hofu hawajibu walichoulizwa. Mke aseme, "Umekula?" Mume aseme, "Wamepita tena leo na futi kamba." Mke aseme, "Nimekuwekea kwenye hotpoti." Hakuna aliyemjibu mwenzake, na sisi tumeelewa yote. Wazee wa pwani yenu, kuteremka Pangani, wana Kimtang'ata chao, lakini magazeti huwasemesha Kiswahili sanifu kama karani wa halmashauri. Wewe umekulia huko, masikio unayo. Wape ulimi wao.

Kuhusu utafiti, nina neno la kukusifu kabla ya kukukata. Ukurasa wa 9 umeeleza vizuri jinsi Mjerumani Richard Hindorf alivyoagiza vitoto vya mkonge kutoka Florida mwaka 1893, na kwamba kati ya 1,000 vilivyoanza safari ni 62 tu vilivyofika vikiwa hai. Nakubali, ni habari tamu: mashamba yale makubwa yote yametoka kwenye miche 62. Lakini umeiweka kama kiboksi cha maelezo pembeni ya makala. Ni nani katika kitabu chako anayeijua hesabu hiyo, na anaitumia kufanya nini? Ingekuwa ni yule mzee wa mbuzi, aliyeisikia kwa baba yake manamba, naye huwaambia wajukuu kila wanapokosa chakula, "Mkonge ulibaki sitini na mbili, ukajaza nchi," basi tarakimu hiyo ingeishi kitabu kizima. Kama hakuna anayeihitaji, itoe. Najua inavyouma kutupa ulichokitafuta kwa siku nne maktaba.

Kuna lingine gumu zaidi kulieleza. Ukurasa wa 38, siku ya hukumu yenyewe, karani analikuta faili lililopotea miaka miwili, limeangukia nyuma ya kabati. Pembeni umeniandikia kwa kalamu: "Hili lilitokea kweli!" Nakuamini. Na gazetini lingekuwa ukurasa wa mbele, kwa sababu ajabu ndiyo habari. Msomaji wa riwaya ataona mwandishi amekwama, akajitolea faili kabatini. Kwamba lilitokea kweli hakukusaidii hapo. Dawa yake ni kuliandaa mapema. Sura ya kwanza tumwone karani akisukuma kabati liegemee ukuta wenye unyevu, tumsikie akilalamika kwamba droo haifungi sawasawa. Faili likija kuonekana, msomaji atajipiga paji la uso kwamba alikuwa akilijua tangu zamani.

Hili la kuandaa na kuficha lilijulikana vizuri na watu waliofanya kazi zote mbili. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alikuwa mkaguzi wa afya, akaingia kwenye magazeti, na tangu 1958 hadi 1968 akawa mhariri wa Mkulima, jarida la kilimo. Ndiye huyohuyo aliyetupa Bwana Msa. Hadithi yake ya kwanza ya mpelelezi huyo ilishinda mashindano ya uandishi ya 1957-58 na ikatoka kitabu mwaka 1960. Fikiria kazi hizo mbili mikononi mwa mtu mmoja. Jarida la wakulima linatakiwa liseme mara moja kipi kipandwe na lini. Hadithi ya upelelezi inatakiwa imweke muuaji mbele ya macho yetu kurasa mia nzima bila sisi kumwona. Bwana Msa anafanya kazi kama mwandishi wa habari, anauliza, anapima kauli, ila Abdulla hatupi matokeo ya upelelezi wake kwa mpangilio wa gazeti.

Mfano ulio karibu zaidi na shida yako ni Adam Shafi. Mgomo wa makuli wa bandarini Zanzibar ulitokea mwaka 1948. Alipouandikia riwaya ya Kuli, iliyotoka 1979, hakuukabidhi mgomo uwe mhusika mkuu. Alimchukua kijana mmoja, Rashid, tukaishi naye. Wewe una wahusika ishirini na saba katika sura mbili, kwa sababu mizania ya habari inakudai kila upande usikike. Riwaya haidai kila upande usikike. Inadai yule unayemchagua tumfikie hadi ndani, na hata anayemdhulumu tumfikie ndani kwa kiasi cha kutuogopesha. Nafikiri wako ni yule binti anayenusa mikono. Wengine waungane: wazee watatu wawe mmoja, viongozi wanne wawe wawili. Gazetini kuwaunganisha watu watatu kuwa mmoja ni kosa la kufukuzisha kazi. Hapa ndiyo kazi yenyewe.

Sasa swali lako la majina. Hapana, kubadilisha jina pekee hakutoshi. Katika kesi ya kashfa, yaani ya kumchafulia mtu jina, kinachoulizwa ni kama watu wanaomfahamu mlalamikaji wakisoma watamtambua. Meneja wako umembadilisha jina, lakini umemwachia kovu la shavuni, gari la rangi ileile, na shule aliyosoma. Kambi nzima itamjua. Tangazo la ukurasa wa mbele kwamba wahusika wote ni wa kubuni halifuti hilo peke yake. Mwaka 1908 gazeti la Uingereza, Sunday Chronicle, lilichapa makala ya mzaha kutoka Dieppe, Ufaransa, yenye mtu wa kubuni aitwaye Artemus Jones, akistarehe na mwanamke asiye mkewe. Akatokea mwanasheria halisi mwenye jina hilo, na marafiki zake wakatoa ushahidi kwamba walidhani ni yeye. Akalipwa fidia ya pauni 1,750, na rufaa ya gazeti ikashindwa mbele ya mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo. Sheria zetu za kashfa, Tanzania na Kenya, zina mizizi huko. Kwa hiyo mbadilishe mtu mwenyewe. Mpe mwili mwingine, ukoo mwingine, kosa lingine. Ukimfikia yule wa kwenye simu nilikotaka umfikie, utaona yule halisi ameondoka mwenyewe. Kisha kabla ya kuchapa mwone wakili, usiniachie mimi.

Kuna na jambo ambalo sheria inaweza isikuulize, mimi nakuuliza. Wale waliokusimulia kwa sharti la kutotajwa walikubali kusemwa gazetini ili wasaidiwe. Hawakukubali kuwa hadithi. Yule mwanamke wa ukurasa wa 44, aliyekueleza kilichompata usiku wa operesheni, rudi kwake umwombe. Akikataa, sura hiyo haiko, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote. Na ofisini kwako soma mkataba unasema nini juu ya rekodi na picha ulizozichukua ukiwa kazini.

Hukuniuliza kuhusu kurudi upande wa pili, lakini nina hofu nalo, kwa sababu nimewaona wenzangu waliozoea uhuru wa riwaya wakirudi nao chumba cha habari. Mwaka 1980 Janet Cooke wa Washington Post aliandika habari ya mtoto wa miaka minane aliyekuwa akidungwa heroini. Ilisomeka kama hadithi nzuri, na ilikuwa hadithi. Mtoto hakuwepo. Polisi wa Washington walizunguka mji wakimtafuta. Aprili 1981 habari hiyo ikapewa tuzo ya Pulitzer, na siku chache tu baadaye ikabidi irudishwe. Mtoto wa riwaya hatafutwi na polisi wa mtu yeyote. Magazeti yetu ya Kiswahili yamechapa hadithi za mfululizo miaka na miaka, kurasa chache tu kutoka habari za mauaji, na msomaji hachanganyikiwi, kwa sababu juu pameandikwa "hadithi". Neno hilo moja ndilo linalokupa ruhusa. Siku za gazeti usiandike chozi usiloliona. Mimi nilikuwa na daftari mbili za rangi tofauti nilipokuwa nikifanya kazi zote mbili, na sikuwahi kuziweka kwenye mkoba mmoja.

Utaanzaje sasa? Usirekebishe muswada huu sentensi kwa sentensi, utazidi kuwa habari iliyopakwa rangi. Yafungie madaftari yako kwa mwezi mmoja. Andika kwa unachokumbuka bila kufungua chochote. Kitakachokuja chenyewe ndicho kilichokushika, na kilichosahaulika pengine kilikuwa cha gazeti tu. Ukimaliza, fungua madaftari kwa ajili ya kusahihisha vitu vidogo: mkonge unakatwa vipi, mzigo wa majani unafungwaje, king'ora cha kiwandani kinalia saa ngapi. Hapo ukweli wa mwandishi wa habari unakufaa sana, na wengi wanaoandika riwaya wakiwa mjini hawana.

Usianze na sura ya kwanza. Anza na simu ya meneja. Kurasa tatu, ukiwa upande wake wa simu, tangu inapoanza kuita hadi inaponyamaza, na usimhukumu. Ukishaziandika nitumie hizo tatu tu.